Vitambaa vya Makochi

Mama,

Shikamoo.

Nimeliandika hilo neno huku nikilitamka, halafu nikatulia, nikajikuta nasubiri marahaba. Neema alikuwa anapanga karatasi kwenye mashine ya fotokopi, akaniuliza naongea na nani. Nikamwambia siongei na mtu, naandika barua. Akatoa macho. "Unaandika barua? Wewe?" Akaenda kunichemshia chai bila kutumwa. Mjukuu wako yuko darasa la saba, Mama, na anamfurahia mama yake kwa kuandika shikamoo tu. Niliona haya mpaka masikio yakawaka.

Ni Alhamisi, saa tisa alasiri. Nipo dukani, kwenye ile meza uliyokuwa unasema miguu yake imekaa kama ya mbuzi mgonjwa. Mlima nauona mlangoni. Juu kumefunga wingu zito, na ungekuwepo ungevuta kiti chako hadi kizingitini useme, "Leo kwetu kunanyesha," halafu ungeanza kuzihangaikia njegere za Fausta kana kwamba Fausta hana macho.

Jumamosi tunakujengea kaburi. Mama mdogo Fausta ameuhimiza ukoo mzima hadi wale wasiopokea simu. Sementi imepanda na lori la mboga lililokuwa linarudi tupu kutoka Dar. Mchanga wamebeba kina mama kichwani kutoka mtoni, wakipanda njia ile ile uliyokuwa unashuka na matenga yako ya kabichi. Padri atakuja kusali misa hapo hapo nyumbani. Na mimi nimepewa kazi yangu: nisome habari zako mbele ya watu. "Kama siku ile," Fausta aliniambia. "Ulisoma kwa uchungu siku ile, Vero. Uliliza watu."

Nilishukuru, nikakata simu, nikaenda kukaa chooni.

Mama, wasifu niliousoma siku tuliyokuzika haukuwa wako. Ndiyo hiyo. Nimeisema. Nimekaa nayo miezi kumi na moja na leo ndiyo mara ya kwanza kukwambia wewe.

Unajua kazi yangu. Watu wa mjini wanalijua duka hili kwa picha za paspoti na kwa wasifu wa marehemu. Mtu akifiwa wanakuja ndugu watatu, wanne, wanakaa kwenye benchi, mmoja anaanza, "Marehemu alizaliwa..." kisha anaishiwa maneno. Mimi nauliza. Alipenda kula nini? Akikasirika alikuwa anafanyaje? Wanaanza kucheka huku wanalia, na mimi napiga taipu. Mzee mmoja aliwahi kurudi kuniambia kwamba kwa zile dakika chache za kusoma alimwona mkewe amesimama. Nilijivuna wiki nzima. Wewe mwenyewe ulinisikia, ukasema, "Haya, na kiburi ukiandikie wasifu."

Asubuhi ya kukuzika nilikuja dukani mapema. Gari la kukupandisha kwetu Mgeta lilikuwa linaondoka saa nne. Nikafungua ukurasa mweupe, nikaandika "Marehemu mama yetu Skolastika alizaliwa," nikakwama hapo. Nikafuta. Nikaandika tena maneno yale yale. Simu zinaita: turubai, jeneza, nani anakaa gari gani, nani anapika juu. Ilipofika saa tatu kasorobo nilikuwa na mstari mmoja. Nikafanya kitu ambacho ningemfukuza mtu kazi kwa kukifanya. Nikafungua mafaili ya zamani, nikachukua wasifu wa mama mmoja wa Kihonda, hapa hapa mjini, karani mstaafu, ambao watoto wake waliusifu sana. Nikatoa jina lake nikaweka lako. Nikabadilisha kijiji, wazazi, idadi ya watoto. Yaliyobaki nikajiambia nitayarekebisha kwa kalamu ndani ya gari. Ndani ya gari nilipakata picha yako njia nzima, na zile karatasi sikuzitazama.

Kwa hiyo nikasimama mbele ya jeneza lako, mbele ya watu waliokujua tangu unatambaa, nikasoma kwamba marehemu alipenda sana bustani yake ya maua.

Wewe, Mama. Wewe uliyeng'oa maua ya masista mbele ya zahanati ukapanda figiri, kwa sababu ua haliliwi.

Nikasoma kwamba marehemu aliimba sauti ya pili kwenye kwaya kwa uaminifu mkubwa. Hapo nilisikia mtu akikohoa. Wewe uliimba kila Jumapili kwa sauti kama tenga linaburutwa kwenye mawe, na wanakwaya walikuomba, kwa heshima zote, ukae upande wa wanaume. Na nilijua sasa kinachofuata, nilikiona kinakuja mstari wa chini, na sikuweza kusimama. Nikasoma kwamba wakati wa mapumziko marehemu alifuma vitambaa vya makochi kwa ustadi, na kila nyumba ya ndugu ina kumbukumbu ya mikono yake.

Makochi yapi? Nyumba nzima ilikuwa na vigoda viwili na kiti cha baba kisicho na mgongo.

Nikaanza kulia hapo hapo. Watu wakadhani ni uchungu. Kina mama wakaitikia kwa kilio. Mama, haukuwa uchungu, ilikuwa aibu. Na kilichonichoma zaidi ni kwamba nilikusikia. Nilikusikia kabisa, kutoka ndani ya lile sanduku, ukisema kama ulivyokuwa unasema zamani: "Hayo sikuyasema."

Unakumbuka barua za mjomba Anselmi? Mimi nilikuwa darasa la tatu, yeye akikata miwa Kilombero. Wewe kalamu hukuijua, kwa hiyo kila akileta barua unaniita, unanikalisha kwenye jiwe la kusagia, na wewe unaendelea na kazi yako, unamenya njegere au unamkamua yule mbuzi uliyemwita Mheshimiwa. Hukuwahi kusema subiri nifikirie. Unatazama tu kilichopo mbele yako na unaanza. "Mwambie mvua imenyesha siku nne na ngazi ya juu ya shamba imebomoka. Mwambie Mheshimiwa amezaa mapacha, mmoja ana kichwa kikubwa kama chake. Mwambie nimegombana na dereva wa lori na nimeshinda. Mwambie goti bado." Mwambie, mwambie, mpaka karatasi inajaa pande zote mbili. Halafu unafuta mikono kwenye kanga, unaweka kiganja shavuni, unafumba macho. "Nisomee."

Nasoma. Nikimaliza unanyamaza kidogo, kisha unasema, "Basi, funga." Hapo ndipo naruhusiwa kulamba bahasha.

Mara moja tu nilikudanganya. Shuleni tulikuwa tumefundishwa barua nzuri inavyoandikwa, nikaweka maneno ya mwalimu: kwamba dhumuni la barua hii ni kutaka kujua hali yako, na kwamba sisi huku tu wazima wa afya njema. Nikakusomea haraka haraka, kwa sauti ya kishule. Hukufungua hata macho. "Hayo sikuyasema. Futa." Nikabisha kwamba ndivyo inavyoandikwa. Ukasema kaka yako anajua sauti yako, akisoma hayo atafikiri umekufa na mtu mwingine anamficha.

Sasa nifike mahali penyewe, maana nimekuwa nazunguka kama kuku anayetaka kutaga.

Ile miezi mitatu ya mwisho uliyokaa kwangu, wewe ndiye uliyeniomba. Mara ya kwanza tulikuwa tumetoka hospitali, tumekaa hapa dukani, ukanitazama nikimpigia taipu marehemu wa watu. Ukasema, "Wewe unawaandikia wasiosikia. Mimi niandikie ningali hapa. Niandikie, halafu unisomee." Nikakwambia, "Mama, acha uchuro." Ukacheka, ukasema uchuro ni kufa bila kujua watu watakusema nini.

Mara ya pili nilikuwa na simu sikioni. Baba Neema alikuwa Dumila, vitunguu vinaozea kwenye magunia, ananipigia kunigombeza utadhani mvua nimeileta mimi. Mashine ya fotokopi ilikuwa inatafuna karatasi. Dawa zako za saa nane nilizisahau nikakupa saa kumi. Ukasema tena, taratibu, "Vero, ile kazi yangu." Nikakujibu, Mama, nikakujibu vibaya. Nilisema, "Kwani wewe huoni nilivyobanwa?" Wateja walikuwepo. Mmoja aliinamisha kichwa. Wewe ukasema, "Naona, mwanangu," ukageuza kiti ukatazama mlima.

Mara ya tatu hukuomba. Ilikuwa siku mbili kabla hujazidiwa. Ulikuwa umelala chumba cha nyuma, mlango wazi, nikaingia kukuletea uji. Ukaniambia, "Basi chukua kalamu." Ukafumba macho, ukaweka kiganja shavuni. Ukasema, "Mwambie..."

Nikacheka. Nikauliza, "Nimwambie nani, Mama?" Na pale pale mteja akagonga kioo cha kaunta, anataka kopi ya kitambulisho. Nikatoka. Kopi moja, Mama. Niliporudi ulikuwa umelala na uji umeweka ngozi juu. Hukulirudia tena lile neno. Mpaka leo sijui ulitaka nimwambie nani, wala nimwambie nini.

Siku ile ya mazishi aliyeinuka baada yangu alikuwa mzee Deusi. Kwa ajili ya utani wa koo zetu hakuna msiba wetu anaokosa, na kazi yake ni kuwavunja mbavu watu wenye huzuni. Alikuwa amevaa gauni lako la kijani juu ya suruali, amejitwika tenga, anatembea mwendo wako wa kuchechemea. Akasimama kando ya jeneza akapaza sauti: "Jamani, jamani, simamisheni! Tumekosea maiti! Mimi nimekuja kumzika Skola wa njegere, mgomvi wa madereva. Huyu mama wa makochi mnamleta huku kufanya nini? Wenzetu huko mjini wanalia, wana jeneza la figiri!"

Watu walicheka mpaka wakashikana. Padri alicheka. Fausta alicheka huku amejiziba uso kwa kanga. Ni utani, nani atauliza? Mimi peke yangu nilisimama na zile karatasi, maana mtu mzima alikuwa ameutangaza wizi wangu hadharani na ukoo mzima unampigia makofi.

Tangu siku hiyo sikuandika tena.

Sikupanga iwe hivyo. Baada ya matanga nilirudi mjini, nikafungua duka, wakaja ndugu wa marehemu wa kwanza. Wakakaa kwenye benchi. Nikafungua ukurasa, nikaandika "Marehemu alizaliwa," na ule mstari mdogo ukawa unawaka na kuzima, unawaka na kuzima, na mimi nautazama. Nikawaambia kompyuta ina tatizo. Wakaenda kwingine. Waliofuata nikawaambia umeme mdogo. Nikafika mahali nikachapisha karatasi yenye nafasi wazi, jina hapa, tarehe hapa, mambo aliyopenda hapa, nikawa nawapa watu wajaze wenyewe. Kulikuja binti mmoja amefiwa na baba yake, peke yake, hana wa kumsindikiza. Nikampa ile karatasi na kalamu. Akaishika, akanitazama, akasema, "Dada, niliambiwa wewe unauliza maswali." Nilimwambia siku hizi siulizi. Huyo binti naye nina aibu yake.

Wasio na kazi walinipa ushauri. Mhadhiri mmoja anayetoaga kopi za mitihani hapa alisema linawapata hata wao: niamke mapema, nitembee, niandike upuuzi wowote ili mkono uzoee. Nikatembea mpaka Bigwa na kurudi, nikapata malengelenge. Nikaandika upuuzi kurasa tatu, na ulikuwa upuuzi kweli. Jirani wa saluni alisema niombewe. Nikaombewa. Nikasafisha vitufe vyote vya kompyuta kwa mswaki wa zamani. Neema akawa ananiangalia bila kusema kitu, na wewe unajua alivyo mtoto wa kusema. Mambo mengine nayo hayakusubiri nipone: baba Neema na vitunguu vyake, mwenye nyumba anataka kubomoa ukuta wa nyuma, mtoto ana mitihani. Kila siku nilijiambia nikitulia nitaandika. Sikutulia hata siku moja.

Halafu Jumanne ya wiki iliyopita mzee Deusi akaingia dukani.

Alikuwa ameshuka na lori la karoti, matope hadi magotini, kofia mkononi. Nikampa shikamoo. Hakuitikia. Akakaa kwenye benchi la wafiwa, akajinyoosha, akasema kwa sauti ya kusikika saluni, "Nimekuja kuandikiwa wasifu wangu. Nikiwa hai, nikisikia kwa masikio haya. Sitaki kufika kwa Mungu na vitambaa vya makochi."

Nikamtuma Neema dukani kwa jirani akanunue sabuni ambayo hatukuihitaji. Alipotoka nikakaa karibu na yule mzee, nikamwambia yote. Mama wa Kihonda, saa tatu kasorobo, karatasi ambazo sikuzitazama. Nilitegemea anicheke, ndiyo kazi yake. Hakucheka.

"Nilijua, mjukuu," alisema. "Nilijua ulipofika kwenye maua. Nikatazama mstari wa mbele nikaona Fausta ameinua kichwa, na kaka zake wameanza kuangaliana. Nikaona hawa dakika moja tu watakasirika, na mtoto hataweza tena kukanyaga huku. Nilikuwa sijapangiwa kusimama wakati ule. Nilikuwa nakula."

Alikuwa anakula, Mama. Aliacha sahani, akachukua gauni lako kwenye kamba, akatunga utani njiani. Miezi kumi na moja nimemchukia yule mzee kwa kunianika, kumbe alikuwa ananifunika. Na Fausta ameniambia nilisoma kwa uchungu. Sasa sijui hata Fausta anajua nini, na nadhani sitamuuliza.

Nikalia pale kwenye benchi kwa namna ambayo sikulia mazishini. Akaniacha. Kisha akapiga goti lake kofi moja. "Haya. Mtani akikukinga kuna faini, na faini yangu ni kazi. Shika mashine. Andika mzee Deusi ana viatu viwili, na vyote ni vya kushoto."

Nikatazama. Kweli, gumbuti zote mbili zilikuwa za kushoto. Nikaandika. Akasema, andika alimpokea mtoto wake wa kwanza kwa mikono yake mwenyewe kwa sababu mkunga alikuwa amelewa. Andika anaogopa vyura. Andika mke wake alimpenda Skola kuliko alivyompenda yeye, na alikuwa na haki. Alikuwa anatazama huku na huku, viatu, mlango, mlima, na kila alichokitazama kikawa na mstari wake. Na mimi mikono inakwenda, Mama, inakwenda bila kuniuliza, na katikati ya hapo nikagundua kila anaposema "andika" mimi nasikia "mwambie."

Nilipomaliza akasema nimsomee. Nikamsomea. Akapangusa macho kwa kofia. Akasema pale kwenye vyura niongeze kwamba ni vyura wakubwa tu.

Alipoondoka sikusubiri nitulie. Neema alikuwa ananung'unika kuhusu sabuni, mashine inapiga kelele, mteja anataka kulaminetiwa cheti, na mimi nikavuta daftari la Neema la hesabu, nikageuza nyuma, nikaandika kwa kalamu. Sikuanza na "marehemu alizaliwa." Nilitazama kilichopo mbele yangu. Kilikuwa kiti chako pale kizingitini.

Mwambie kiti bado kipo na hakuna anayekikalia, hata wateja wanakizunguka wenyewe. Mwambie alikuwa anashuka kwa miguu na matenga mawili, la tatu anarudi kulifuata, na hakuwahi kukubali kubebewa na mwanaume asiye ndugu. Mwambie alitupiga. Mwambie alikuwa na wivu na wake wa kaka zake na hakuuficha. Hakuomba msamaha kwa mtu maishani mwake, lakini akikukosea utakuta njegere zilizomenywa mlangoni kwako na huwezi kuzirudisha. Mwambie alimteremsha jirani aliyezidiwa kwa uchungu wa kuzaa mpaka barabarani, mvua inanyesha, akamlazimisha dereva aliyegombana naye ashushe kabichi zote. Mwambie alishika barua juu chini lakini mwandiko wangu aliujua kokote. Mwambie aliimba vibaya kila Jumapili na hakuacha.

Kurasa nne, Mama. Si nzuri kama ule wa mama wa Kihonda. Hazina mpangilio, na kuna mahali nimeandika "goti bado" peke yake na sijui niliweke wapi. Lakini ni zako.

Mwishoni nimeandika na yangu. Nimeandika kwamba binti yake aliambiwa aandike mara tatu mama yake angali hai, na mara ya tatu alitoka kwenda kutoa kopi. Nimeandika kwamba siku ya mazishi alisoma wasifu wa mtu mwingine, na mzee Deusi alisema kweli. Neema ameyasoma haya bila ruhusa, akauliza kama lazima niyasome mbele ya watu. Nimemwambia ndiyo. Akauliza kama wataniangalia vibaya. Nimemwambia wengine ndiyo.

Yule binti aliyefiwa na baba yake, nimeipata namba yake kwa jirani wa saluni. Anakuja Jumatatu. Nitauliza maswali.

Kesho Ijumaa napanda. Lori la karoti linarudi tupu saa sita mchana na dereva ameniwekea nafasi mbele. Ni mtoto wa yule mliyekuwa mnagombana, na amenifanya nimwahidi kwamba wewe hutakuwepo. Nitafika kabla ukungu haujashuka, kabla Fausta hajaweka masufuria, kabla mafundi hawajaja na sementi yao. Kaburi litakuwa bado udongo. Nitakaa chini pale upande wa kichwa na nitakusomea wewe kwanza, taratibu, si kwa sauti ya kishule. Ukisema hayo sikuyasema, nitafuta. Nitabeba kalamu.

Lile ulilotaka nimwambie mtu, sikulipata. Nimeacha mstari mmoja wazi kwa ajili yake, katikati ya ukurasa wa pili, na Jumamosi nikifika hapo nitanyamaza kidogo kisha niendelee.

Lala salama, Mama. Nisamehe ule uji.

Ni mimi mwandishi wako,
Vero

Barua hii nayo nakuja nayo kesho. Bahasha sijaifunga.